Vichwa visivyosikika

Kijana anavaa vipokea sauti, anafungua faili ya noti aliyotumiwa na mwalimu wake, kisha anabonyeza herufi H. Kompyuta inamjibu kwamba hakuna kichwa chochote mbele. Anabonyeza tena. Jibu ni lile lile.

Kijana huyu haoni. Ni mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Mombasa, na faili aliyonayo imejaa vichwa. Mwenye macho angeviona akiwa mlangoni: vimekolezwa, vimepigiwa mstari, vimewekwa katikati, tena kwa herufi kubwa tupu. Mada ya kwanza, mada ya pili, maswali ya marudio. Lakini kwa programu inayomsomea, vyote hivyo ni aya kama aya nyingine. Akitaka kufika kwenye maswali ya marudio, ambayo yako mwisho kabisa, itambidi ateremke mstari kwa mstari, au aiache isome tangu mwanzo na yeye angoje.

Akangoja.

Ni wiki kadhaa sasa jambo hili halijaniondoka moyoni. Laiti aliyechapa noti zile angekuwa mzembe, ningelaumu uzembe na kuendelea na shughuli zangu. Lakini alijituma. Kila kichwa amekishughulikia kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Jasho limemtoka, na kazi yake yote imeishia machoni.

## Kukoleza hakusikiki

NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, na wengi wasioona huitumia kwenye Windows. Ndani ya Word, mtumiaji hubonyeza Insert pamoja na nafasi ili kuingia hali ya kuvinjari. Hapo H humrusha hadi kichwa kinachofuata, na Shift na H humrudisha nyuma. Namba 1 humpeleka kwenye vichwa vya ngazi ya kwanza, 2 vya ngazi ya pili, 3 vya ngazi ya tatu. Insert na F7 humfungulia orodha ya vichwa vyote, akachague anapotaka kwenda. Wanaotumia JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, hupata orodha kama hiyo kwa Insert na F6.

Funguo hizi zote zinategemea kitu kimoja tu: mtindo (Style) ambao aya imepewa. Kama aya ni Heading 1, ni kichwa. Kama ni Normal iliyokolezwa na kukuzwa hadi pointi 18, ni Normal. Tena NVDA, kwa mipangilio inayokuja nayo, haitaji kabisa kwamba maandishi yamekolezwa au yamepigiwa mstari. Kwa hiyo msikilizaji hapati hata fununu kwamba pale palikusudiwa kuwa na kichwa.

Kusoma waraka wa namna hiyo ni kama kumtafuta mtu Mji wa Kale kwa kubisha hodi kila mlango, kuanzia Ngome ya Yesu.

## Kwa nini wachapaji wanaikwepa

Mwanzoni nilidhani tatizo ni kutojua. Basi tuwafundishe watu kwamba Heading 1 ipo, yaishe. Sasa siamini hivyo tena. Wachapaji wengi wa maduka ya kuchapa na kunakili, kuanzia Mwembe Tayari hadi Bamburi, wanaijua. Wameiona pale juu kwenye Home kila siku ya kazi. Walishaibofya mara moja, kichwa kikageuka buluu, fonti ikabadilika, wakaifuta upesi kwa sababu mteja alitaka barua nyeusi yenye "YAH:" iliyokolezwa na kupigiwa mstari.

Mteja hakukosea kutaka hivyo. Ofisi zetu zina desturi zake za nyaraka, na ripoti yenye vichwa vya buluu inaweza kurudishwa.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Mtu hakatai muundo, anakataa sura. Na sura ndiyo sehemu inayobadilika kwa urahisi kuliko zote. Heading 1 inaweza kuwa nyeusi, ikawa Times New Roman, ikawa na ukubwa wowote ambao mkuu wa ofisi anaupenda, na bado ikabaki Heading 1 kwa anayesikiliza. Nasaha ya "tumia mitindo" bila kumwonyesha mtu namna ya kuirekebisha ni nasaha nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda.

Tena ile sura ya asili haikuwa nzuri hata kwa wanaoona. Katika Word ya 2007 na 2010, Heading 2 ilikuja kwa Cambria pointi 13 iliyokolezwa, buluu ya namba 4F81BD. Ukipima buluu hiyo juu ya karatasi nyeupe, uwiano wa utofauti wa rangi hizo mbili ni kama 4 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwafikishia wenye ulemavu maudhui ya wavuti, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na unalegeza hadi 3 kwa 1 pale tu maandishi yanapofika pointi 18, au pointi 14 yakiwa yamekolezwa. Pointi 13 haifiki. Baadhi ya matoleo yaliyofuata yalitumia buluu iliyokoza zaidi, 2F5496, inayopita 7 kwa 1. Lakini faili za zamani bado zinazunguka: mtu huchukua ripoti ya miaka iliyopita, anafuta yaliyomo, anaandika mapya, na mitindo ile ya zamani inasafiri nayo.

## Kuirekebisha yenyewe

Bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia cha mausi pale kwenye Styles, uchague Modify.

Kwenye dirisha litakalofunguka, weka fonti ile ile ya matini yako. Kwa ukubwa, mimi hupendekeza matini pointi 12, Heading 3 pointi 14, Heading 2 pointi 16 na Heading 1 pointi 20, vyote vimekolezwa. Tofauti ya pointi moja kati ya ngazi na ngazi haitoshi. Mwenye uoni hafifu hataitambua. Rangi iwe Automatic, wala si nyeusi uliyoichagua kwa mkono, kwa sababu Automatic hugeuka yenyewe pale msomaji anapotumia skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Kisha bofya Format chini kushoto, halafu Paragraph. Mpangilio uwe Left. Najua tunapenda kichwa katikati, lakini anayekuza skrini mara nne au tano huona kipande tu cha ukurasa, na jicho lake huanzia kushoto. Kichwa kilicho katikati kinaweza kupita asikione. Before weka pointi 18, After weka 6, ili kichwa kiwe karibu na matini yake kuliko matini iliyokwisha. Ukishaweka hivyo, huna haja tena ya kupiga Enter mara tatu kutengeneza nafasi. Kila Enter tupu husomwa kama mstari mtupu, na Enter tupu iliyobaki na mtindo wa Heading ni balaa zaidi, kwa kuwa nayo inahesabika kama kichwa kisicho na neno.

Kwenye kichupo cha Line and Page Breaks, hakikisha Keep with next ina tiki, kichwa kisije kikabaki peke yake chini ya ukurasa.

Rudi dirisha la kwanza, utazame Style for following paragraph. Iwe Normal, ili ukimaliza kichwa na kupiga Enter, matini irudi kuwa matini.

Na ile Automatically update, usiitie tiki hata kidogo. Ukiitia, siku mtu atakapokipigia mstari kichwa kimoja, vichwa vyote vya ngazi ile vitapigiwa mstari, na hakuna atakayejua sababu.

Kwa mashine yako mwenyewe, chagua New documents based on this template ili kazi hii usiirudie. Kwa mashine ya duka inayotumiwa na watu wengi, bakia na Only in this document.

Anayetumia LibreOffice atabonyeza F11 apate orodha ya mitindo, abofye Heading 1 kwa kitufe cha kulia na kuirekebisha. Kwenye Google Docs mambo ni mafupi: tengeneza kichwa kimoja unavyotaka, kisha kwenye menyu ya mitindo chagua Update Heading 1 to match. Word nayo ina amri kama hiyo, na kwa mwenye haraka inatosha.

## Usiunde mtindo mpya

Wapo wanaoepuka Heading 1 kwa kuunda mtindo wao, wakauita "Kichwa cha Ripoti" na kuujenga juu ya Normal. Unapendeza, unafanana kote, na ngazi hauna. Programu ya kusoma skrini inaupita kama aya. Rekebisha Heading 1 yenyewe. Ukitaka jina la Kiswahili, libadilishe palepale kwenye Modify: Word italiongeza pembeni ya jina la asili, na mtindo utabaki na ngazi yake.

## Panapoharibika

Kuna hitilafu moja ambayo hata wazoefu huwapiga chenga. Unachagua maneno machache ndani ya aya kwa mausi, unabofya Heading 2, yanageuka makubwa na meusi, unaridhika. Lakini Heading 2 ni mtindo wa namna mbili: unaweza kushika aya nzima, na unaweza kushika herufi tu. Ukiwa umechagua sehemu ya aya, unashika herufi. Sura ni ya kichwa, aya ni Normal, na H inapita moja kwa moja. Dawa yake ni kuweka kasa, kile kimstari kinachopepesa unapochapa, kwenye mstari bila kuchagua chochote, halafu ubonyeze Ctrl, Alt na 2. Chini ya kidirisha cha Styles pia kuna Disable Linked Styles. Tia tiki pale, mtego wenyewe unazimwa.

Nyingine ni Shift na Enter. Mtu akikata mstari hivyo baada ya kichwa, kichwa na matini vinabaki aya moja. Ukiweka Heading, aya yote inakuwa kichwa, na msikilizaji akifungua orodha anakuta kichwa chenye sentensi sita.

Vichwa vilivyo ndani ya jedwali au kisanduku cha maandishi navyo havionekani kwenye kidirisha cha Navigation, kile kinachoorodhesha vichwa vya waraka. Wapo wanaopenda kuweka jina la ripoti ndani ya kisanduku chenye kivuli. Liandike kwenye aya ya kawaida, kisha uupe mtindo wenyewe mpaka na rangi ya nyuma kupitia Format, Border.

Kuna wanaochagua Heading 3 kwa sababu wanapenda udogo wake, bila Heading 2 juu yake. Msikilizaji akisikia ngazi ya kwanza kisha ya tatu, hudhani kuna sehemu imepotea, akaanza kurudi nyuma kuitafuta. Ngazi hufuata mpangilio wa hoja. Ukubwa unarekebishwa kwingine.

Na mtindo wa Title? Hili nimelipima pande zote mbili. Unavutia kwa jina la waraka, lakini hauhesabiki kama kichwa: kwenye Navigation haupo na H haiufikii. Wapo wataalamu wanaosema uachwe kwa jina la waraka, na Heading 1 ianze kwenye sura. Mimi, kwa nyaraka fupi za ofisi, nasema jina la waraka liwe Heading 1 na sehemu zake Heading 2, kwa sababu msomaji anayebonyeza H mara ya kwanza anastahili kujua ameshika waraka gani. Kwa kitabu chenye sura nyingi ningefanya kinyume. Vyovyote uchaguavyo, jaza pia jina kwenye File, Info, Title.

Herufi kubwa tupu nazo zina namna yake. Ukiandika ukiwa na Caps Lock, maneno mafupi yanaweza kutamkwa herufi moja moja kama kifupisho. Andika kwa herufi za kawaida, kisha ndani ya Modify, Format, Font, tia tiki All caps. Jicho litaona herufi kubwa, na faili itabaki na maneno ya kawaida.

Namba za kumbukumbu, zile za "KUMB. 1/3" tunazozipenda kwenye mikutano ya chama na ya bodi, zisipigwe kwa mkono. Kwenye Multilevel List chagua Define New Multilevel List, bofya More, na kwenye Link level to style uunganishe ngazi ya kwanza na Heading unayoitumia. Kipengele kikiondolewa, namba zinajipanga zenyewe.

## Lugha ya sauti

Waraka wa Kiswahili ambao Word inaudhania kuwa wa Kiingereza husomwa kwa sauti ya Kiingereza, na ukisikia "maendeleo ya wananchi" yakitamkwa hivyo utaelewa kwa nini watu hukata tamaa na kumwomba ndugu awasomee. eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Inahitaji kuambiwa tu.

Bonyeza Ctrl na A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiswahili, na uondoe tiki kwenye Detect language automatically. Kisha fungua Modify ya Normal, na chini ya Format, Language, uweke Kiswahili huko pia ili vichwa virithi.

## Nakala ya herufi kubwa

Wenye uoni hafifu ni watu wengine na mahitaji yao ni mengine. Wengi hawatumii sauti. Wanataka karatasi ya pointi 18 au zaidi. Waraka ambao kila mstari umefuata mitindo hugeuzwa kuwa nakala ya herufi kubwa kwa muda mfupi sana: panua Normal iwe pointi 18, Heading 3 iwe 20, Heading 2 iwe 24, Heading 1 iwe 28, halafu kwenye kichupo cha Design, katika orodha ya mitindo, chagua Save as a New Style Set. Siku nyingine ni kubofya tu.

Palipofanywa kwa mkono hapatatii. Chagua sehemu hiyo, bonyeza Ctrl na nafasi kuondoa urembo wa herufi, kisha Ctrl na Q kuondoa wa aya.

## PDF ya WhatsApp

Hapa ndipo kazi nzuri hufia. Mtu amepanga vichwa vizuri, kisha anakwenda Print na kuchagua Microsoft Print to PDF. Muundo wote unabaki nyuma. Pita File, Save As, chagua PDF, ufungue Options, na uhakikishe Document structure tags for accessibility ina tiki. Tia tiki pia Create bookmarks using, Headings. LibreOffice ina Tagged PDF kwenye Export as PDF.

Waraka uliochapwa karatasi, ukatiwa muhuri na kupigwa picha kwa simu, hauna hata herufi moja ndani yake. Kama muhuri ni lazima, tuma picha hiyo pamoja na faili yenyewe.

## Jukumu ni la nani

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa kadiri inayofaa, na Ibara ya 7 inaitaka Serikali ikuze Breli na njia nyingine za mawasiliano anazoweza kuzitumia. Nilijiuliza kama inatosha kuielekeza kalamu huko, kwa ofisi na wakuu wake. Haki ni haki, na ofisi ndizo zinazopaswa kujibu. Ila faili haitengenezwi na ofisi. Inatengenezwa na mchapaji anayelipwa kwa ukurasa, mteja akiwa amesimama nyuma ya kiti akitazama saa. Kumtaka mtu huyo arekebishe mitindo upya kila mara ni kumdhulumu.

Apewe kiolezo kilicho tayari. Tengeneza waraka mmoja wenye mitindo yote hii, uweke ndani yake vichwa vya kumbukumbu: Waliohudhuria, Waliotoa udhuru, Yatokanayo na kumbukumbu, Mengineyo. Hifadhi kama Word Template. Utaingia kwenye folda ya Custom Office Templates, na atauona kwenye New, chini ya Personal. Kila anapoufungua anapata nakala mpya, na ule wa asili hauharibiki.

Kwa faili zilizokwisha kuchapwa, usianze moja baada ya nyingine kwa mkono. Weka kasa kwenye kichwa kimoja kilichokolezwa, nenda Home, Select, uchague kipengele cha kuteua maandishi yote yenye umbo linalofanana, kisha ubofye Heading 2. Vichwa vya namna moja vitageuka kwa pamoja. Halafu bonyeza Ctrl na F, ufungue Headings, upitie orodha ukiwa na waraka pembeni. Vitakosekana vile ambavyo pointi zake zilitofautiana kidogo, au nukta-mbili ya mwisho haikukolezwa, na hivyo ni vya kushughulikia kimoja kimoja. Kaguzi ya Check Accessibility haitakusaidia hapo, kwa kuwa haiwezi kujua kwamba mstari uliokolezwa ulikusudiwa kuwa kichwa. Angalia kwa makini zaidi kurasa za mwisho, maana ndiko kwenye maswali ya marudio, na ndiko mkono wa mchapaji unakokuwa umechoka.